Klima ya Papa na Pua ya Nyanya

Tangu turudi kutoka Butembo sina raha. Shuleni mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, juzi hata kwenye bomba la maji mama mmoja aliweka ndoo yake chini ili asikie vizuri. Wengine mmesikia kwamba Papa alilala chini ya gari akiwa amevaa abakosti, suti yake mpya, akatoka mweusi. Wengine mmesikia tulikamatwa Irumu tukiwa na maiti. Habari ya abakosti ni kweli. Ya maiti nitaieleza, kwa sababu huyo maiti mnamfahamu wote na jana alikuwa sokoni anauza samaki. Nimeamua kuandika mara moja, mpeane karatasi hizi wenyewe, na mimi niachwe nisahihishe madaftari ya watoto.

Kwa asiyemjua Papa: jina lake Paluku, ana duka la vitenge na sabuni hapa Bunia, mtaa wa Lumumba, na kabla ya duka alikuwa mtu wa malori. Mwaka jana alinunua gari jeupe kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na gari hilo lina klima, yaani kipoza hewa. Mlidhani ni majivuno. Majivuno yalikuwepo, siwezi kumkana baba yangu, lakini sababu yenyewe ilikuwa mama yake. Nyanya alikuwa anaishi peke yake milimani, upande wa Butembo, na kifua chake hakipatani na vumbi hata kidogo. Alipokuja Bunia mara ya mwisho kwa lori, alikohoa kiangazi chote, akarudi kwake akiwa amekonda, akasema kama tunamtaka tena tumfuate huko huko. Papa hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alitaka kumleta mama yake akae nasi, na kwa hilo alitafuta gari ambalo mtu anafunga madirisha na vumbi linabaki nje.

Gari likapatikana. Shida ilikuwa harufu. Ukiwasha klima inatoka baridi nzuri kabisa, na pamoja na baridi inatoka uvundo wa nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Papa alimimina manukato kwenye matundu ya hewa, tukapata uvundo wenye manukato. Akasugua viti kwa sabuni za dukani mwake, moja baada ya nyingine. Harufu haikutikisika. Hata hivyo Nyanya alikuwa ametuma neno kwamba yuko tayari kuliangalia gari, na likimpendeza ataingia, aje aone Bunia tena. Papa aliogopa kwamba tukichelewa atageuza mawazo, na mara hii akikataa hatutampata tena. Ndiyo maana tuliondoka na harufu yetu.

Kutoka Lumumba mpaka Irumu

Tulikuwa watatu: Papa kwenye usukani, mimi pembeni yake, na nyuma Papa Udaga, mtu wa Mahagi anayekaa mtaa wa Bigo, rafiki ya Papa tangu enzi za malori. Papa Udaga anauza samaki wa ziwa, na alikuwa anakwenda kutafuta wanunuzi Butembo. Kwa sababu ya kazi yake hiyo, alikuwa ameonewa mwaka mzima. Kila aliyeingia garini mwetu alivuta pumzi mara moja, kisha akamtazama Papa Udaga. Safari hii Papa alimkataza kubeba hata dagaa mmoja, akampa na kipande cha sabuni aoge nacho kabla ya kupanda.

"Nimeoga mara mbili," Papa Udaga alisema akiingia. "Kama iko nanuka tena, si mimi."

"Tutaona," Papa akamjibu.

Kabla ya kuondoka Papa aliinama akatazama chini ya gari, kama anavyofanya kila asubuhi, akaridhika. Mwanzoni gari hilo lilikuwa linadondosha maji. Jumapili ya kwanza alipoliegesha mbele ya kanisa, maji yalitiririka chini yake, na waumini wakitoka misani wakaruka kidimbwi huku wakisema gari ya Paluku inavuja. Kwa mtu aliyeendesha malori miaka yote hiyo, tone chini ya gari ni safari itakayoishia porini. Alifuata maji mpaka akakuta kimpira chembamba kinachochungulia chini, akakiziba kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakifunga na waya. Halikudondosha tena, na hakuna mgeni aliyefika nyumbani bila kusimuliwa.

Jambo jingine mnalolijua: hapa Bunia mwenye klima hafungui dirisha. Akifungua, watu watasema imeharibika. Kwa hiyo tulipita mjini tumefunga vioo vyote, Papa akisalimia kwa kidole kimoja, nami nikipumua kwa mdomo. Nyuma, Papa Udaga alijilaza akajifunika uso kwa kitambaa cheupe ili angalau apate usingizi.

Kwenye kizuizi cha Irumu askari mmoja kijana aliona gari jeupe lililofungwa vioo, akadhani ni mkubwa kutoka mbali, akapiga saluti. Papa akaitika kwa kichwa. Ingeishia hapo, lakini yule kijana alisogea kuchungulia.

"Sitwayen, raia, fungula dirisha."

"Iko klima," Papa akasema kupitia kioo.

"Nasikia iko klima. Fungula."

Papa akateremsha kioo. Askari akarudi nyuma hatua moja, akashika pua.

"Muko nabeba nini humu?"

"Batu."

"Batu bazima?" Alikuwa anatazama kiti cha nyuma, penye mzee aliyelala chali na kitambaa cheupe usoni. "Na ule?"

"Ule ni rafiki yangu."

"Alikufa lini?"

Sikuweza kujizuia, nikacheka, na kicheko kikatuponza. Askari aliita wenzake, wakauliza karatasi za maiti, Papa akaanza kufoka, na katikati ya kelele hizo Papa Udaga akainuka, akatoa kitambaa, akauliza kama tumefika Komanda. Yule kijana alikimbia mpaka upande wa pili wa barabara. Aliporudi alikuwa na hasira ya mtu aliyechekwa. Walitushusha, wakatoa viti, wakapekua gurudumu la akiba, wakafungua mzigo wangu wa nguo. Mwisho mkubwa wao akamuuliza Papa Udaga kazi yake, naye kwa ukweli wake wa siku zote akajibu kwamba anauza samaki.

"Ni samaki," mkubwa akawaambia wenzake, na wote wakaridhika.

Papa Udaga akaanza kurudisha viti ndani. Nilimwonea huruma kweli. Mzee wa watu alikuwa ananukia sabuni ya duka letu mpaka kwenye kofia.

Komanda, chakula na kahawa

Njaa ilitupata Komanda, pale barabara ya Mambasa inapoachana na yetu. Tulikula kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, Mama Feza, ambaye sombe yake, majani ya muhogo, sijawahi kuionja mahali pengine. Aliipika na karanga na mawese, akaileta na wali na ndizi za kukaanga. Papa Udaga aliomba samaki. Papa akamkazia macho, akabadilisha, akaomba maharagi.

Mama Feza alitoka kutusindikiza, na Papa alipofungua mlango akaisikia harufu. Hakukunja uso. Alisema tu, "Papa, hii ni harufu ya unyevu. Kahawa inaikula. Ngoja." Akarudi na kikopo cha kahawa aliyoitwanga mwenyewe, akakataa tumlipe.

Mimi nilielewa kwamba kikopo kinawekwa wazi garini, kikae. Papa alielewa vingine. Aliona kwamba kama harufu inatoka kwenye matundu, dawa iende kwenye matundu. Akamimina kahawa yote humo kwa kijiko, kwa uangalifu mkubwa, akafunga milango, akawasha klima kwa nguvu zake zote.

Sitaki kueleza sana. Kahawa ilirudi. Ilitoka kama vumbi la kiangazi ikatujaa machoni, puani, kwenye abakosti, ndani ya nywele zangu nilizosuka kwa ajili ya Nyanya. Tulipiga chafya mpaka Luna.

"Sasa iko harufu mbili," Papa Udaga alisema aliporudiwa na sauti.

Msituni, nyuma ya lori

Kati ya Luna na Eringeti mvua ilitukuta. Barabara ilifungwa na lori lililozama kwenye tope mpaka ekseli, na nyuma yake magari mengine yalikuwa yamepanga mstari yakisubiri. Watu wa lori walikuwa wamesimama chini ya turubai, na wengine hawakupata nafasi hata hapo. Miongoni mwao kulikuwa na mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, kitenge kimelowa chote.

Papa alishuka na mwavuli akamfuata. Ana moyo huo, hata kama duka lake linajulikana kwa kutokopesha. Akamfungulia mlango wa nyuma, akamwambia aingie na mtoto wakauke. Mama yule alishukuru sana, akaketi kando ya Papa Udaga, akafunga mlango. Nilimpa kanga yangu ajifute. Papa, kwa kutaka kumpendeza mgeni, akawasha klima kidogo.

Alivumilia kwa adabu. Alitazama nje, akatazama mikono yake, akamfunika mtoto pua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Asante, Papa. Mvua imepunguka." Akafungua mlango akashuka, na mvua ilikuwa inanyesha vilevile.

Papa alizima klima. Aliweka mikono juu ya usukani, akitazama mgongo wa yule mama.

"Kahindo," akaniita, "kama mama wa mutoto anakimbilia mvua, mama yangu ataingia humu namna gani?"

Nilimwambia labda kwa Nyanya kuna baridi, hatutahitaji kuwasha. Hakunisikia. Nilikuwa nimezoea kumwona Papa anagombana na vitu, na vitu vinamtii, ila kwa gari hili alikuwa ameshindwa, na kilichomuuma hakikuwa gari. Papa Udaga alinyoosha mkono kutoka nyuma akamgusa bega.

"Sema tu ni mimi," alimwambia. "Harufu ikifika pua yake, sema ni Udaga na samaki yake. Mimi nitarudi na lori."

Papa akacheka kidogo, na nikampenda sana Papa Udaga saa ile. Lori lilitolewa kwa kamba na nyimbo, tukalala Beni kwa ndugu zetu.

Milimani kwa Nyanya

Kupanda kutoka Beni kwenda Butembo hewa inabadilika, mikaratusi inaanza, na mtu anakumbuka sweta aliloliacha nyumbani. Nyumba ya Nyanya iko chini ya barabara, na njia ya kuifikia inateremka sana. Alikuwa amesimama uani amevaa kitenge cha kanisa, na kifurushi kidogo miguuni. Kifurushi hicho ndicho kilichonifurahisha, maana mtu asiyetaka kuondoka hafungi kitu.

Tulikula kwanza, bugali na kabichi na maharagi mapya, kwa sababu Nyanya hazungumzi habari na watu wenye njaa. Kisha akaenda kwenye gari. Anasema Kinande, nami naandika hapa kwa Kiswahili chetu. Alizunguka, akagusa rangi, akasifu. Papa akamfungulia mlango. Nyanya akaingiza kichwa, akavuta hewa, akakaa hivyo bila kutikisika. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Paluku," akasema, "nani alikufa humu?"

"Hakuna mutu, Mama. Ni harufu tu."

"Ni harufu ya nyumba imefungwa nyuma ya kilio kuisha. Baba yako alipokufa, nilifunga chumba chake. Nilikuja kufungula, ilikuwa harufu hii. Mimi siingii ndani ya harufu hii tena."

Papa Udaga alikohoa. "Mama, ni mimi. Nauza samaki."

Nyanya alimsogelea, akamnusa begani kama anavyomnusa mtoto, akatingisha kichwa. "Hapana. Weye unanuka sabuni na kahawa."

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwondolea Papa Udaga hatia alikuwa Nyanya yangu, na niliona machozi yanamlengalenga mzee wa watu. Lakini Papa alikuwa ameketi kwenye jiwe, ameinamisha kichwa. Nadhani Nyanya hakuweza kumtazama akiwa hivyo. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitambaa puani, akasema atakaa nyuma na mimi, mpaka barabarani tu, Papa asije akasema hakujaribu.

Tulipanda. Papa Udaga akakaa mbele. Papa akawasha gari na klima yake, akaanza kupanda ile njia kwa nguvu. Kilima kilikuwa kikali, pua ya gari ikaangalia mbinguni, na ghafla maji yakamwagika kutoka chini ya matundu ya mbele, maji meusi mengi, yakaingia kwenye viatu vya Papa Udaga.

Alinyanyua miguu yote miwili. "Paluku, nilikuwa samaki. Sasa umeniletea na ziwa?"

Papa alisimamisha gari. Alitazama yale maji, akatazama viatu, na nikaona kitu kinamjia usoni polepole. Hakuelezwa na mtu. Alishuka, akalala chali barabarani na abakosti yake, akaingia chini ya gari mpaka kiunoni. Tulisikia anahangaika na waya. Kisha tukasikia anatukana kwa Kinande, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mama yake, na maji yaliyobaki yakamshukia kifuani na majani yaliyooza na ute mweusi.

Lile tone alilolifunga lilikuwa jasho la baridi yenyewe. Klima inapopoza hewa hutoa maji, na kimpira kile ndicho mlango wake wa kutokea. Papa, kwa kuogopa gari livuje njiani akiwa na mama yake ndani, alikuwa ameyafungia maji humo yakaoza mwaka mzima.

Alitoka chini ya gari, ute unamdondoka kidevuni. Nyanya aliteremka, akavua kile kitambaa cha puani, akamfuta nacho uso. Hakumcheka. Alisema tu, "Kumbe weye ndiye ulifunga chumba."

Hakuna aliyeondoka siku hiyo. Tuliondoa majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, mahali hewa inapoingilia. Nyanya alichemsha maji na sabuni na ndimu, tukayamimina polepole palepale, yakapita yakatokea chini, kwanza meusi, kisha kama chai, kisha safi. Zulia tulilianika juani. Papa akazima baridi, akaweka feni kwa upande wa moto, milango yote wazi, gari likaunguruma uani mpaka ndani kukauka na majirani wakaja kuuliza kama tunapika. Jioni Nyanya aliweka humo kikapu cha makaa ya mti, mabichi, hayajawashwa, kikae mpaka asubuhi.

Kurudi

Asubuhi aliingiza kichwa tena. Sisi wote tulisimama hatupumui. Akasema, "Sasa ni gari," akaingia.

Nyanya alikaa nyuma amenishika mkono. Vumbi la Oicha lilibaki nje kabisa. Hakukohoa. Alilala msituni, kichwa begani kwangu, na Papa alikuwa anamtazama kwenye kioo kila mara mpaka Papa Udaga akamwomba atazame na barabara. Komanda tulisimama kwa Mama Feza, tukamwambia kahawa yake ilifanya kazi nzuri, na Papa Udaga akala samaki bila kuulizwa. Maji yalikuwa yanadondoka chini ya gari, na vijana waliokuwa wamekaa pale wakapiga kelele: "Muzee, gari yako iko navuja!"

"Acha ivuje," Papa akasema, akaendelea kula.

Siku hizi, kabla ya kufika, anazima baridi anaacha feni ipulize, ndani kukauke. Mwenye klima kati yenu afanye hivyo.

Mnachotaka kujua hasa ni kama Nyanya atabaki. Sisi pia hatukujua. Alikuwa amesema anakuja kuangalia tu, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwuliza, Papa kuliko wote. Nyanya alikuwa analala kitandani kwangu, kwa sababu Papa aliogopa kumtafutia chake akaonekana anamlazimisha.

Jumamosi dereva wa lori, kijana wa kwetu, alipita dukani kuaga kabla ya kurudi Butembo. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni. Alimwita.

"Umuambie jirani yangu, maharagi yangu inakauka. Avune."

"Akuwekee, Nyanya?"

"Akule."

"Na mbegu?"

Nyanya alifikiri, akikunja ncha ya kitenge chake. "Mbegu apande yeye," akasema.

Papa alikuwa ndani, nyuma ya meza, anampimia mteja kitenge. Aliweka mkasi chini, akamwomba mteja asamehe, akaenda kwa seremala kuagiza kitanda.